Kikosi kinalala baada ya kila pambano? Namna ya kupanga kasheshe na mapumziko kwenye D&D

D&D ni gemu ya mezani, kila mchezaji anaendesha mhusika wake kwenye stori, mmoja anaendesha gemu na maadui, na dadu zinaamua. Tatizo linaanzaga hivi. Kikosi kimeingia pangoni, chumba cha kwanza tu kimekutana na mafuvu yanayotembea, mchawi kamwaga uchawi wote raundi mbili za mwanzo, mafuvu yamekuwa unga, afu mtu anaweka penseli mezani anasema "kaka, tulale". Kwenye stori ni saa 3 asubuhi. Na wewe unayeendesha gemu huna sababu ya kukataa, basi wanasubiri, wanalala, wanaamka wamejaa, chumba cha pili wanamwaga tena, wanalala tena, mpaka wanafika kwa zimwi la mwisho ulilolitayarisha wiki nzima na linakufa kabla halijamaliza kutukana.

Wengi wakiona hivyo wanaongeza nguvu ya zimwi. Lilikuwa na HP (alama za uhai) 90 wanalipa 180. Hapo umeongeza muda wa kurusha dadu tu, hatari iko palepale, kwa sababu kikosi bado kinakuja kimejaa kila kitu. Shida ni bei ya usingizi. Kulala kukiwa bure watu watalala, na wala usiwalaumu, hata mimi nikiwa mchezaji nalala. Kwa hiyo kazi yako ni kuweka bei kwenye mapumziko afu ndo upange kasheshe katikati yake. Kasheshe hapa namaanisha chochote kinachokula akiba ya kikosi, iwe vita, mto umejaa, njaa, au mtemi anayezuia njia anataka chake kwanza.

Mifano yote natumia toleo la 5 la Dungeons & Dragons, lile la 2014, ndo tunalocheza sisi hapa Mwanga, Kigoma. Sheria zake za msingi zilitolewa kwa leseni huria ya Creative Commons Januari 2023 kwa hiyo unapakua bure, hamna haja ya kuagiza kitabu. Kama unacheza gemu nyingine namba zitabadilika ila mantiki inabaki.

Jua kwanza nani anapona lini

Hapa watu wanaparuka na ndo penyewe. Kuna pumziko fupi na pumziko refu. Fupi ni angalau saa 1, unakaa, unafunga vidonda, unatumia dadu za uhai kurudisha HP. Refu ni angalau masaa 8, na usingizi ndani yake usipungue masaa 6, ukiamka HP zote zimerudi, nafasi za uchawi (idadi ya mara unazoweza kufanya uchawi) zimerudi, na nusu ya dadu za uhai zimerudi. Na refu haliwezi kuwa zaidi ya moja ndani ya masaa 24, hii sheria ipo kitabuni kabisa na wengi hawaisomi. Yule aliyesema tulale saa 3 asubuhi wakati wameamka saa 12, mwambie sawa lakini mtakaa hapo pangoni mchana kutwa mnatazamana mpaka usiku ndo usingizi uhesabike. Sentensi hiyo peke yake inapunguza nusu ya tatizo.

Sasa angalia watu wa levo 3. Mchawi ana nafasi 4 za daraja la kwanza na 2 za daraja la pili, jumla 6, na karibu zote zinarudi kwa pumziko refu tu (ana kaujanja ka kurudisha kidogo kwenye fupi, mara moja kwa siku). Woloki (aina nyingine ya mchawi) ana nafasi 2 tu, lakini zote za daraja la pili na zinarudi kila pumziko fupi. Mpiganaji ana ile ya kupiga mara mbilimbili kwa zamu moja, nayo inarudi kwa pumziko fupi, na kujitibu kwake pia.

Kwa hiyo siku ikiwa na pambano moja tu afu usingizi, mchawi ana nafasi 6 za kumwaga pale pale, woloki ana 2. Woloki anajiona mjinga. Lakini siku hiyohiyo ukiipa kasheshe nyingi na mapumziko mafupi 2 katikati, woloki amepata nafasi 6 za daraja la pili kwa siku, mpiganaji kapata ule mpigo wake mara 3, na mchawi sasa anaanza kuhesabu, anajiuliza hii niitumie hapa au niiweke. Mimi hapo ndo gemu inanoga kwangu, pale mtu anaposhika kidevu anafikiria. Ukisikia mezani mtu analalamika kwamba mpiganaji ni mnyonge kuliko mchawi, kabla hujagusa sheria yoyote angalia kwanza siku zako zina mapumziko mafupi mangapi.

Hesabu ya siku moja

Kitabu cha muendesha gemu cha 2014 kinasema kikosi cha kawaida kinaweza kuhimili mapambano 6 hadi 8 ya kati au magumu kwa siku, na mapumziko mafupi kama 2 katikati. Watu wakisoma hapo wanashtuka, mapambano 8! Nani ana muda huo. Lakini namba imetoka kwenye jedwali, haikudondoka tu. Mtu wa levo 3 anahesabiwa XP (alama zinazopima uzito wa pambano) 1,200 kwa siku, watu wanne ni 4,800. Pambano la kati kwa watu hao wanne ni XP 600, gumu ni 900, la kuua ni 1,600. Gawa 4,800 kwa 600 unapata 8, kwa 900 unapata 5 na ushee. Basi, ndo ilivyo. Ni bajeti, na bajeti unaweza kuitumia kwa vipande vidogo vingi au vikubwa vichache. Mapambano 3 ya kuua yanakula bajeti ileile, japo hayo mtu anaweza kufa kweli kwa bahati mbaya ya dadu moja, ndo maana mimi siyapendi matatu kwa siku moja. Toleo jipya la 2024 limeachana na lile jedwali la siku, lakini mimi bado naling'ang'ania kama kipimo.

Kosa kubwa ni kudhani siku ya kwenye gemu lazima iishe kwenye kikao kimoja. Nani kasema? Huku tunakaa kuanzia saa 12 jioni mpaka saa 3 usiku, mwingine ana duka, mwingine ana mtoto mdogo, mwingine anarudi Ujiji na bodaboda hataki usiku uwe mkubwa. Hapo pambano moja zuri na maongezi yameshamaliza kikao. Sawa, siku moja ya stori iende vikao viwili au vitatu. Kinachotakiwa ni kumbukumbu. Kabla watu hawajatawanyika piga picha karatasi ya kila mtu kwa simu, HP, nafasi za uchawi, dadu za uhai, vyote. Usipofanya hivyo kikao kijacho kila mtu atakumbuka alikuwa amejaa, yaani kumbukumbu za wachezaji zina maajabu.

Safari ndo inaua watu, maana yake inaua gemu

Pangoni kuna mazimwi chumba cha pili, bei ya kulala ipo hata usipoitafuta. Safarini ndo balaa. Unasafiri siku nyingi, kila siku kasheshe moja, kila usiku kikosi kinalala masaa 8 kinaamka kipya, kwa hiyo kila kasheshe inakutana na watu waliojaa. Hakuna kinachojikusanya. Unaweza kuwatumia fisi, mamba, majambazi, wote wanageuka kuwa mapambo.

Tiba ninayoiamini mimi: safari nzima iwe siku moja ya gemu. Usiku wa kambini ni pumziko fupi. Pumziko refu linapatikana ukifika mahali penye ukuta, chakula cha kupikwa na mtu mwingine wa kukesha. Kitabu chenyewe kina chaguo la namna hiyo, pumziko fupi linakuwa masaa 8 na refu linakuwa siku 7, ila mimi siku 7 naona ni nyingi kwa stori nyingine, bora mahali kuliko idadi ya siku. Na wala sio ajabu. Misafara ya karne ya 19 kutoka Bagamoyo kuja Ujiji ilikuwa inaenda hivyohivyo, wapagazi wa Kinyamwezi wanatembea alfajiri, jua likiwaka wanapiga kambi, kesho tena. Kambi inakupa mguu wa kesho tu. Kupumzika kweli, kutafuta wapagazi wapya, kujaza chakula, kuuguza wagonjwa, hayo yanasubiri Tabora, na pale misafara mingine ilikaa wiki na miezi.

Basi chukua njia hiyohiyo utengenezee gemu. Kikosi cha watu wanne levo 3 kinatoka Uvinza kwenye chumvi kinapeleka mzigo Ujiji. Kwa mstari ulionyooka ni kilometa 80 na kitu, mwendo wa kawaida wa kitabu ni maili 24 kwa siku ambazo ni kilometa kama 38, weka siku 3. Nimeipanga hivi.

Mwanzo ni kuvuka mto. Mwenye mitumbwi anataka hongo ya kupita na nauli juu, kama watemi wa njiani walivyokuwa wanadai enzi hizo. Wakilipa, pesa imepungua. Wakibishana, mchawi atajaribu uchawi wa kumlegeza, nafasi imeenda. Wakisema wanaogelea, mamba wawili, XP 100 kila mmoja, ukizidisha kwa moja na nusu sababu ni wawili (kitabu kinazidisha adui wakiwa zaidi ya mmoja) inakuwa 300, kwa kikosi hiki ni pambano jepesi kabisa. Ona kwamba milango yote mitatu inakula kitu. Hilo ndo nalitafuta kwenye kasheshe ya kwanza, iwe nyepesi lakini isiwe bure.

Usiku wa kwanza kambini, pumziko fupi, wanatumia dadu za uhai wakitaka.

Siku ya pili ni porini kwenye miombo, nahodha wa majambazi na vijana wake watatu. 450 na 25 mara tatu ni 525, ukizidisha mara mbili kwa sababu wako wanne inakuwa 1,050. Pambano gumu. Hapa woloki aliyepumzika usiku yupo vizuri, mchawi anaanza kubana matumizi. Afu usiku wake fisi wakubwa wawili wanazunguka kambi, 600, la kati. Fisi nawaweka baada ya pumziko kukamilika, karibu na alfajiri. Ukiwaleta katikati kila mara wachezaji wanachoka, wanaona unawanyima makusudi. Na ujue kwa sheria hata pumziko refu halivunjwi na kapambano ka dakika moja, mpaka ipite saa nzima ya kutembea, kupigana au kufanya uchawi ndo linaanza upya. Kwa hiyo kushambulia usiku hakufuti usingizi, kunakula tu kile kilichobaki jana, na mpiganaji kavua deraya.

Siku ya tatu sasa nikaweka terekeza. Misafara ikifika sehemu isiyo na maji ilikuwa inaondoka mchana jua likiwa kali, inabeba maji, inatembea mpaka giza, inalala pakavu, alfajiri inaendelea mpaka kwenye maji. Kwenye gemu wape chaguo: mzunguke njia yenye visima mpoteze siku nzima, au mpige terekeza. Wakichagua terekeza tumia sheria ya kutembea kupita kiasi, kila saa inayozidi masaa 8 kila mtu anarusha dadu ya ustahimilivu, lengo 10 na kuongeza 1 kwa kila saa iliyozidi, akishindwa anapata kiwango kimoja cha uchovu. Uchovu kwenye D&D ni mbaya kuliko mkuki, kiwango cha kwanza tu kinakuharibia kila jaribio la uwezo na cha 6 ni kifo. Kleriki (kuhani wa kikosi) wako atasema mimi natengeneza maji kwa uchawi. Mruhusu kwa moyo mweupe! Nafasi moja imeenda bila zimwi hata moja kuonekana.

Mwisho mabonde ya kushukia Ujiji, ziwa linaonekana kule chini, mazimwi mawili yamekaa njiani. XP 450 kila moja, ukizidisha kwa moja na nusu inakuwa 1,350, gumu lakini halifiki la kuua. Jumla ya vita vyote ni 3,300 na bajeti ilikuwa 4,800. Sijajaza makusudi, mto na kiu vimekula sehemu yao na hamna jedwali linalovihesabu. Mazimwi yaleyale ukiyakutanisha na kikosi kilichotoka kulala Ujiji yangekuwa mchezo wa watoto. Hapa yanakutana na mchawi mwenye nafasi moja na mpiganaji mwenye uchovu, na mezani hakuna anayechezea simu.

Saa inayotembea

Sio kila stori ni safari. Ukiwa mjini au pangoni na unataka kulala kuwe na bei, tengeneza saa. Chora viboksi 6 kwenye karatasi, weka katikati ya meza kila mtu aone. Pumziko fupi linajaza kimoja, refu linajaza 3, kelele kubwa kama ya uchawi wa mpira wa moto inajaza kimoja. Vikijaa, kitu ulichokisema mwanzo kinatokea, mateka anahamishwa, mlango unafungwa, mfalme anakufa. Lazima useme mwanzo. Bei ya kificho sio bei, ni ajali, na mchezaji aliyelala bila kujua afu akaambiwa kijiji kimeungua atakuwa na haki ya kununa.

Kwa sisi wa huku saa nzuri kuliko zote ni meli. Weka kwenye stori meli inayong'oa nanga Jumatano kwenda kusini mwa ziwa na inayofuata ni baada ya wiki mbili, hutaeleza chochote zaidi, kila mtu mezani anaelewa kuachwa na meli ni nini. Nyingine ninayoipenda ni mwezi. Wavuvi wa dagaa wanatumia taa usiku wa giza, mbalamwezi ikiwa kubwa taa haivuti dagaa kwa hiyo mitumbwi inapumzika. Stori ya ziwani ifungie hapo: giza ndo kazi na hatari, mwezi mkubwa ndo pumziko refu. Kikosi kinajua kina siku ngapi za giza kimalize ilichoanza na hamna mtu wa kukulaumu wewe, wamlaumu mwezi.

Wazee wa hii gemu waliliona hili mapema. Gemu ilitoka 1974, na kwenye sheria za 1981 muda wa pangoni ulihesabiwa kwa zamu za dakika 10, mwenge unaisha baada ya zamu 6, kila baada ya zamu 5 lazima mpumzike moja, na kila zamu 2 muendesha gemu anarusha dadu ya pande 6, ikitoka 1 kuna dude linakuja. Kukaa tu ni gharama. Ukitaka kuiba kitu kimoja kutoka kwa wazee iba hiyo dadu. Mimi nairusha mbele ya watu, kwa sauti, kila wanapobishana muda mrefu mlangoni, na mabishano yanaisha haraka sana.

Kusoma meza

HP zinadanganya. Kikosi chenye HP zote lakini mchawi hana kitu na dadu za uhai zimeisha, kimechoka hicho. Kikosi chenye HP nusu lakini kila mtu ana dadu za uhai na uchawi, hicho kizima, mpe pumziko fupi tu kinaendelea. Kwa hiyo kabla ya kasheshe inayofuata uliza kiutani "mchawi umebakiza ngapi?" na uangalie uso wake. Ukiona umewabana kupita kiasi una njia nyingi za kulegeza bila kuwapa usingizi: majambazi wakiona nahodha kafa wanakimbia, fisi wakipigwa vizuri wanaondoka, au wanakuta mzee wa njiani ana mgebuka wa kuchoma na sehemu salama ya kukaa saa moja. Kufuta kasheshe uliyoipanga hakuna atakayejua. Kuongeza ambayo hukuipanga kwa hasira ya dadu zao nzuri, hiyo wanaijua mara moja.

Na usipange zote zenye uzito mmoja. Gumu, gumu, gumu inachosha kama jepesi, jepesi, jepesi. Mimi napenda nyepesi kwanza, gumu, kitu cha maongezi, kati, afu la mwisho gumu, lakini nikiona wamezoea mpangilio huo naanza na gumu.

Wakifika levo 5 kuna kitu kitakuvuruga. Mchawi anaweza kupata ule uchawi wa kibanda cha duara, kinakaa masaa 8, hakipitishi kitu cha nje, na akiufanya polepole kwa njia ya tambiko hautumii hata nafasi moja. Watalala humo katikati ya ngome ya adui wakiwa wanacheka. Usiukataze, wameufikia kwa jasho lao. Kibanda kinalinda walio ndani, hakizuii muda wa nje. Adui mwenye akili akiona duara limeota ukumbini kwake hapigi ngumi ukuta, anaita wenzake, wanajipanga kulizunguka na mishale, wengine wanapakia sanduku la dhahabu kwenye punda wanaondoka nalo. Na kumbuka mchawi mwenyewe akitoka nje kidogo kibanda kinatoweka, kwa hiyo asubuhi muulize nani anatoka kwanza.